Nyanya yangu hakuinuka wakati wa Meza ya Bwana. Je, alikosa kitu?

#1 Mjukuu_wa_Tiriki (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili.

Nyanya yangu alishuka kutoka Kaimosi kuja kuniona. Amepita miaka 80 lakini bado anapanda matatu mwenyewe. Nikaenda naye kanisani kwangu, maana mimi nilihamia Anglikana nilipoolewa. Ilikuwa Jumapili ya Ushirika Mtakatifu. Safu yetu ilipofikiwa watu wakainuka, nyanya hakuinuka. Alikunja magoti kando ili tupite, akaweka mikono juu ya kitabu chake cha nyimbo, akafumba macho.

Niliporudi nilimkuta vilevile. Mhudumu mmoja akainama, akamnong'oneza: "Mama, kuna kitu kinakuzuia? Mchungaji anaweza kukuombea." Nyanya akajibu bila kufungua macho: "Mwanangu, mimi niko mezani."

Kwa wasiojua, nyanya ni wa kanisa la Friends, yaani Marafiki. Kwao hakuna mkate wala kikombe. Ameomba kila alfajiri tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na hajawahi kuonja Ushirika hata siku moja.

Swali langu ni hili. Mimi ninayepokea kila mara, napata nini ambacho yeye hana? Na kama hana pungufu lolote, mbona kila nikinyoosha viganja pale mbele mwili wangu wote hutetemeka? Sitaki ubishi wa makanisa. Nataka kuelewa.

#2 JaKisumu

Jibu liko Luka 22:19. Alisema *fanyeni*, hakusema *fikirieni*. Nyanya tunamheshimu sana, lakini agizo ni agizo. Mzazi akikuambia chota maji, humjibu kwamba umeyachota moyoni.

#3 Kijana_wa_Chavakali

JaKisumu, polepole. Mimi nimezaliwa Friends, wacha nieleze kutoka ndani.

Wamishenari watatu Wamarekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho waliyoleta hayakuwa na ubatizo wa maji wala meza ya mkate. Hoja yenyewe ni kwamba Kristo yupo katikati ya watu wake sasa hivi. Picha ya mtu unaitazama akiwa mbali. Akishaingia nyumbani na kuketi, unaongea naye mwenyewe. Ufunuo 3:20 yuko mlangoni anabisha, na anayemfungulia atakula pamoja naye. Hapo hapakutajwa kuhani wala sahani.

Tena watu hudhani sisi hukaa kimya saa nzima. La. Huku kwetu tuna pasta, kwaya na mahubiri marefu kuliko yenu. Ila hufika kipindi cha ukimya, na mama yangu alitufundisha kwamba hicho ndicho kikombe. "Usichezecheze miguu," alikuwa akisema, "unamwaga."

Kwa hiyo nyanya alisema kweli. Alikuwa mezani.

#4 Katekista76

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wa Chavakali ameeleza vizuri na nimefaidika. Lakini naomba nieleze kwa nini sisi Wakatoliki hatuwezi kuishia hapo.

Katika Yohana 6 Yesu alisema mwili wake ni chakula cha kweli. Wengi wakaona neno gumu wakaondoka. Hakuwakimbilia nyuma akisema, "Rudini, nilikuwa natoa mfano." Aliwaacha waende, akawageukia wale 12 akawauliza kama nao wanataka kuondoka. Kwa hiyo Kanisa linafundisha, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitamka wazi mwaka 1551, kwamba kiini cha mkate na divai hugeuka kuwa mwili na damu yake, na maumbo tu hubaki. Ukiuliza napata nini, jibu letu ni: unampata Yeye. Hupati wazo lake wala kumbukumbu yake.

Mimi ni mhudumu wa Ekaristi kwa wagonjwa. Nabeba kibweta kidogo cha shaba kifuani, na nikishakibeba siongei na mtu njiani. Kuna mama nilimpelekea Komunyo wodini, siku 2 alikuwa hajatamka neno. Hakuweza kumeza. Nikamega kipande kama ukucha wa kidole kidogo, nikakiweka kwenye kijiko chenye maji. Nikasema, "Mwili wa Kristo." Yule mama akasema, "Amina." Binti yake aliyekuwa ameshika kijiko akaanza kulia, maana ndilo neno la mwisho alilomsikia nalo. Sisi Komunyo ya namna hiyo tunaiita chakula cha safari. Ule uliokuwa mdomoni mwake haukuwa wazo.

Kwa hiyo dada #1, kutetemeka kwako nakuelewa kabisa.

#5 Binti_wa_Gendia

Katekista, hiyo ni barua ya kusomwa makanisani yote, hata Paulo angekuomba ufupishe. Lakini huyo mama na kijiko amenitoa machozi, asante.

Mbona hakuna aliyetaja miguu? Sisi Waadventista, tangu kazi ianze hapa Gendia mwaka 1906, hatuendi mezani bila kutawadhana kwanza. Yohana 13. Kila robo mwaka: beseni, maji ya uvuguvugu, taulo. Wanawake upande wao, wanaume upande wao. Na hapo ndipo shughuli ilipo. Mkate kila mtu anaupokea akitazama mbele. Lakini kushika mguu wa mtu! Niliwahi kumwosha mke mwenzake mama yangu, ambaye hatukuwa tumesalimiana tangu mazishi ya baba. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka na udongo mwekundu umeingia kwenye nyufa, hautoki kwa maji peke yake, inabidi usugue kwa kidole gumba. Nilisugua. Yeye alikuwa ananitazama utosini, najua, nilihisi. Tulipofika kwenye mkate tayari kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa maana ya kiroho ya Meza, naanzia kwenye beseni.

#6 Mwalimu_wa_Lugha (Bungoma)

Nimesoma kimya mpaka hapa. Yule mhudumu wa #1 aliyeuliza "kuna kitu kinakuzuia" amenikumbusha jambo ninaloligombania kila mwaka.

Watu hukaa chini wakati wa Meza kwa sababu ya 1 Wakorintho 11:27. Utawasikia: "Mimi sistahili." Sasa someni Biblia ya Kiswahili vizuri. Haijaandikwa *asiyestahili*. Imeandikwa *isivyostahili*. Hiyo *-vyo-* ni ya namna, ya jinsi tendo linavyofanyika. Ni kama "anavyokula", "walivyoketi". Paulo hasemi juu ya mtu asiye na sifa, anasema juu ya ulaji usiofaa. Kigiriki nacho ndivyo kilivyo, ni kielezi. Mfasiri wetu alifanya kazi safi, sisi wasomaji ndio tunaoparamia.

Na ulaji upi? Rudini aya ya 21. Wenye nacho walikuja mapema wakala wakashiba, wengine wakalewa, na maskini waliochelewa, yaelekea kutoka kazini kwa mabwana zao, wakakuta sahani tupu. Hicho ndicho kilichomkasirisha Paulo. Aya ya 28 inasema mtu ajihoji *na hivyo aule*. Haisemi ajihoji akae chini. Na hitimisho lake lote, aya ya 33, ni neno moja tamu: *mngojane*.

Kwa hiyo swali la Mjukuu, "napata nini", mimi ningeligeuza kidogo: unampata nani? Unampata aliyeketi kushoto kwako. Hata jina lenyewe linasema. Sisi hapa tunamwita muumini *mshirika*. Chama cha wakulima wa miwa ni cha *ushirika*. Na Meza ni *Ushirika Mtakatifu*. Neno ni lilelile: kuwa na fungu pamoja katika kitu kimoja.

#7 JaKisumu

Mwalimu, nakubali hiyo *-vyo-*, sikuwahi kuiona. Lakini usituvushe haraka. Barua hiyohiyo, sura ya 5, Paulo anasema mtu wa mwenendo fulani msile naye hata chakula. Kwa hiyo mlango upo, na una mlinzi. Ukisema Meza ni wa kushoto na wa kulia tu, Mwenye Meza yuko wapi? "Kuupambanua mwili" katika aya ya 29 wengi tunausoma kuwa ni mwili wa Bwana wenyewe.

#8 Mwalimu_wa_Lugha

Hapo umenibana vizuri. Wasomaji wakubwa wamegawanyika juu ya huo "mwili". Wako wanaosema ni ule ulio mkateni, wako wanaosema ni kanisa, kwa sababu sura ya 10:17 imetoka kusema mkate mmoja, mwili mmoja. Mimi niko upande wa pili. Lakini sura ya 5 siwezi kuifuta.

#9 Dada_wa_Maua (Naivasha)

Shikamooni wakubwa. Huwa sichangii, nasoma tu. Leo nimeshindwa.

Mjukuu alipoandika nyanya alikunja magoti kando ili watu wapite, nikajiona. Mimi nimekunja magoti hivyo miaka 14. Nakaa safu ya tatu. Naijua Jumapili ya Meza kwa viatu, kwa sababu natazama chini, naona viatu vya majirani vikipita mbele yangu vikienda na vikirudi.

Sababu ni ndoa. Mwenzangu hakumaliza mahari, kwetu wazee wakasema hakuna harusi ya kanisa mpaka amalize, na kanisa likasema hakuna Meza mpaka harusi. Tuna watoto 4. Nafanya kazi shamba la maua, sehemu ya kufungia, pesa inaishia karo. Sijamwacha, hajaniacha, hatujawahi kulala nje ya nyumba yetu. Mwanangu wa kwanza alipopata kipaimara alirudi kutoka mbele akaniuliza, "Mama, wewe ulifanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nyanya wa Kaimosi ana jibu, anasema yuko mezani. Je, mimi pia naweza kusema hivyo, au kwangu itakuwa uongo?

#10 Binti_wa_Gendia

Pole dada. Hilo swali la mtoto.

#11 Katekista76

Dada yangu, nimesoma mara mbili. Sitakuhubiria.

Nitasema mambo 2 tu. La kwanza, kuna ndoa zinazobarikiwa asubuhi ya siku ya kawaida kwenye misa, mashahidi wawili, hakuna keki wala gari la kukodi. Nimesimamia kadhaa. Wazee wa mahari nao huwa wanasikia paroko au mchungaji akienda kuwaona mwenyewe, badala ya kuwatuma ninyi. Mwombe aende.

La pili, kwetu kuna mapokeo ya zamani ya Komunyo ya kiroho: mtu asiyeweza kupokea kwa kinywa humwambia Bwana kwamba anamtamani, amjie walau moyoni. Watakatifu wameiombea na kuiandikia sala. Kwa hiyo si uongo. Njaa ya kweli ya meza ni namna ya kuwa karibu nayo.

#12 Kijana_wa_Chavakali

Katekista, angalia ulichosema. Umefika uani kwa nyanya.

#13 Katekista76

Nimefika uani, ndio. Lakini mimi nasema mwenye njaa aendelee kuutafuta mkate, wewe unasema ameshashiba.

#14 JaKisumu

Mnajua ugomvi huu ulishawahi kutokea hapahapa Kenya ukafika hadi Uingereza? Mkutano wa wamishenari Maseno, 1914. Walishiriki meza moja watu wa makanisa mbalimbali, askofu wa Zanzibar akawashtaki kwa uzushi.

#15 Msomaji_Kimya (Nakuru)

Karibu upatie, JaKisumu, ila mahali na mwaka umekosea. Ilikuwa Kikuyu, Juni 1913. Maseno inaingia kwa mlango mwingine: J. J. Willis, aliyeanzisha misheni ya Maseno mwaka 1906, wakati huo alikuwa ameshakuwa Askofu wa Uganda, naye alikuwemo. Waliokutana ni Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wa African Inland, wanatafuta namna ya kufanya kazi kama kitu kimoja. Siku ya mwisho Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston wa Zanzibar akaandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na Willis. Jibu lilipotoka mwaka 1915 lilikuwa la tahadhari kiasi kwamba watu wakatania: ibada ile ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe kamwe.

Wala si Afrika tu. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wa Waprotestanti wa mwanzo, walikutana Marburg, Ujerumani, na hoja 15. Wakaafikiana 14. Iliyobaki ni hii tunayoijadili. Husimuliwa kwamba Luther aliandika mezani kwa chaki, "huu ndio mwili wangu," na hakutoka hapo.

Na la kwangu binafsi. Makanisa yalipofungwa Machi 2020, kisha Julai yakafunguliwa kwa watu 100 tu, waliozidi miaka 58 hawakuruhusiwa. Baba yangu, mzee wa kanisa mstaafu, alikuwa na 71. Nikampangia kila kitu nyumbani: simu imesimamishwa kwenye bakuli la sukari, mchungaji anaonekana, mkate, glasi ya maji ya zabibu. Ilipofika wakati wa kumega, baba hakugusa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Siwezi kujimegea mwenyewe. Hiki ni kitu cha kupewa." Akazima simu. Nikaumega mimi nikampa, akapokea kwa mikono miwili. Sijui kama kisheria ilikuwa sawa. Wapresbiteri wenzangu mnisamehe.

#16 Kijana_wa_Webuye

Swali dogo wakubwa. Kwani lazima ngano? Huku kwetu chakula ni ugali. Babu yangu alikula mkate Krismasi tu. Yesu angezaliwa Webuye angemega nini?

#17 Mzee_wa_Njoro

Kijana, usiitukane ngano, ndiyo inayotulisha huku Njoro tangu enzi za mlowezi Delamere.

#18 Katekista76

Kwetu sheria iko wazi: mkate wa ngano na divai ya mzabibu. Lakini swali si la kitoto. Jean-Marc Ela, padri wa Kameruni, alilitetea kwa nguvu zote: kwa nini mkulima wa mtama aletewe mkate wa kigeni kana kwamba jasho lake haliwezi kufika altareni? Kanisa halikukubali, likisema tunashikilia alichoshika Bwana mwenyewe. Mimi natii. Ila wakati wa vipaji mama zetu wanapoleta ndizi, mahindi na kuku mbele, huwa namkumbuka.

#19 Binti_wa_Gendia

Mimi ndiye naoka mkate wa kanisa letu, zamu yangu na shemasi mwingine wa kike. Unga wa ngano, mafuta kidogo, maji, chumvi. Hamira haiingii. Unasukuma mwembamba kama chapati ya mgonjwa, unachora mistari kwa kisu ili umegeke vizuri, unachoma vitundu kwa uma usije ukafura. Jikoni hatuongei habari za watu siku hiyo. Tunaimba au tunanyamaza. Juzi mwenzangu alianza kusema "umesikia fulani..." akaukumbuka unga mkononi, akafunga mdomo.

#20 Mpiga_Tarumbeta (Kakamega)

Jeshi la Wokovu hapa. Sisi pia hatuna sakramenti, William Booth aliziacha mwaka 1883. Hakusema ni mbaya, na askari wetu akialikwa meza ya kanisa jingine anaweza kushiriki. Alihofia watu wategemee ishara bila maisha mapya. Tena enzi zile kulikuwa na walevi wengi waliookoka, kuwapa divai ilikuwa kuwarudisha kilabuni. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, miaka 9 sasa. Harufu tu ingenimaliza. Kwa hiyo nyanya wa Kaimosi ana wenzake.

#21 Neema_Tele

Mmezama kwenye historia mkasahau nguvu. Meza ni uponyaji! Mimi nashiriki kila asubuhi nyumbani, na mtoto wangu aliyekuwa na pumu tangu nianze hajalazwa. Paulo mwenyewe alisema wengi ni wagonjwa kwa kukosea Meza, basi ukiipatia unapona.

#22 Mwalimu_wa_Lugha

Namshukuru Mungu kwa mtoto wako, kwa dhati. Lakini endelea na dawa za daktari, tafadhali. Na ugonjwa wa Korintho ulitokana na kutojali maskini. Sasa wewe unaposhiriki peke yako chumbani kila asubuhi, unamngoja nani?

#23 Katekista76

Dada Neema si wa kwanza kulisema. Ignasi wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, akipelekwa Roma kuuawa, aliuita mkate huu dawa ya kutokufa. Ila angalia: aliandika akiwa njiani kwenda kuliwa na simba. Hakutarajia imwondolee simba.

#24 Mwana_wa_Siaya

Mnabishana kama ni "ukumbusho tu" au zaidi. Hilo neno *tu* linanishangaza. Sisi tunapofanya ukumbusho wa marehemu mwaka ukipita, hatukai tukamfikiria. Tunachinja. Watu wanatoka Nairobi, Mombasa, sufuria zinakopwa boma kwa boma, na ndugu asipokula kila mtu anajua kuna neno. Wazee hawakuruhusu ndugu waliogombana vibaya wale sahani moja kabla ya kunywa manyasi, dawa ya mitishamba ya utakaso, na kupatanishwa. Chakula kilikuwa kinajua.

Kwa hiyo Yesu aliposema "kwa ukumbusho wangu", bibi yangu asiyejua kusoma angemwelewa kuliko maprofesa wa Marburg. Ukumbusho ni mwenye boma kuwepo na watoto kula pamoja bila kinyongo.

#25 Mzee_wa_Njoro

Huyu wa Siaya ameniamsha. Nilikuwa nimeapa nisiandike hili.

Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, mnakumbuka Nakuru ilivyokuwa. Uwanja wa maonyesho ulijaa waliokimbia makwao. Kanisa letu lilikuwa la makabila matatu, na watu wote hao walikuwa na mtu aliyezikwa au nyumba iliyoteketea. Mwezi wa Machi tukapanga Meza. Vikombe vimepangwa kwenye sinia, kitambaa cheupe kimefunika juu. Mchungaji akaufunua, akashika mkate, akasimama. Akasimama muda mrefu. Tukadhani ameugua. Kisha akaurudisha mkate kwenye sahani, akaufunika, akasema, "Siwezi kuwapa. Huu ni mmoja, na ninyi hamko kitu kimoja." Akasoma Mathayo 5, juu ya kuacha sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako. Akaturudisha nyumbani.

Wengine walikasirika, wakahama. Tulikaa bila Meza hadi Agosti. Miezi hiyo tulitembeleana kwa ratiba, wawili wawili, usiku mwingine bila kusema chochote, chai tu. Mimi nilipelekwa kwa mtu ambaye kijana wake nilimwona kwa macho yangu akibeba mabati yangu. Mara ya tatu ndipo alipoyataja yeye mwenyewe.

Agosti tulipomega, mtu huyo ndiye aliyenipitishia sinia. Mkono wake ulitetemeka hata vikombe vikagongana. Sijui kama kiini kiligeuka au hakikugeuka. Mimi nilichokunywa siku ile kilikuwa na uzito.

#26 JaKisumu

Mzee, pokea heshima zangu. Sina la kuongeza.

#27 Kijana_wa_Chavakali

Nami nakubali kitu. Bila ule mkate uliofunikwa, hamngejua kwamba hamko kitu kimoja. Ukimya wetu sisi unaweza kuficha hilo miaka mingi. Nimewaona wawili wakikaa benchi moja kimya, kila mmoja na shoka lake moyoni. Naenda kuliwaza hili.

#28 Dada_wa_Maua

Asante Katekista. Asante Mwalimu kwa hiyo *isivyostahili*, nimeiandika nyuma ya kitambulisho cha kazi. Mchungaji nimempigia. Amesema atazungumza na wazee wa mahari, hakutaja siku. Si haba.

Mzee wa Njoro, kwenu mlikaa pamoja wote bila Meza. Hilo nimelifikiria sana. Kukaa bila Meza peke yako ni kitu kingine.

#29 Mjukuu_wa_Tiriki

Wapendwa, nimechelewa kurudi. Jana usiku nilimpigia nyanya nikamsomea uzi wote, nusu saa nzima, salio likaniishia nikaongeza.

Alisikiliza. Kwa yule mama wa kijiko akasema "hmm". Kwa habari ya miguu akacheka kidogo, akasema beseni angeweza. Nilipomuuliza waziwazi kama Jumapili ile alikosa kitu, akasema hajui, kwa sababu mtu hawezi kujua ladha ya asichokionja, lakini anamjua aliyekuwa naye. Nami bado natetemeka nikinyoosha viganja, na nimeamua nisiache kutetemeka.

Kisha akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Akauliza jambo moja tu: "Na yule wa maua. Hapo kanisani kwake, wanamngoja?"

#30 Dada_wa_Maua

Mwambie nyanya Jumapili hii niko zamu. Ijayo nitakuwepo, safu ya tatu. Mama mmoja tunayekaa naye amesema hatainuka kwenda mbele bila mimi. Nimemkataza, amekataa kunisikia.